Niliona Kapteni Ameona

Maneno niliyomwambia kapteni wangu jioni ile juu ya Ziwa Victoria nayakumbuka yote, kwa sababu yalikuwa machache. Nilisema, "Mzee, naona kama upepo umegeuka kidogo."

Upepo ulikuwa umegeuka wote. Tulikuwa tunaingia Mwanza kutoka Dar es Salaam na ndege ya mapangaboi, abiria karibu 60, tumezunguka upande wa ziwani ili tutue runwei 12, njia ya kutulia inayoelekea kusini mashariki. Nyuma yetu kulikuwa na wingu la mvua ambalo nusu saa kabla lilionekana kama halina habari na sisi. Wingu la namna hiyo linapomwaga mvua, hewa baridi huporomoka nayo, ikafika chini, ikatawanyika kila upande. Sehemu ya hewa hiyo sasa ilikuwa inatusukuma mgongoni. Mnara wa kuongozea ndege ukatusomea upepo: unatoka nyuzi 310, yaani mgongoni kwetu, noti 14 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Kikomo chetu cha upepo wa mgongoni kilikuwa noti 10.

Ukisukumwa kwa nyuma, ardhi inakujia haraka kuliko ulivyopanga, na ili usiupite uwanja unalazimika kuishusha ndege kwa kasi kubwa zaidi. Tulipofika futi 500 juu ya uwanja tulipaswa kuwa na noti 110; tulikuwa na 131. Kushuka kusizidi futi 1,000 kwa dakika. Tulikuwa tunashuka 1,300. Kitabu cha kampuni kinasema wazi kwamba ukifika hapo na mambo hayajatulia, unaghairi kutua: unaongeza nguvu, unainua pua, unapanda, unajipanga upya. Sisi tunaita goaraundi. Na kinasema mtu anayepaswa kulitamka hilo, kama anayeshika usukani hajalitamka, ni yule aliyekaa pembeni anaangalia namba. Nilikuwa mimi.

"Runwei hii ndefu, kijana," akanijibu.

"Sawa, Mzee."

Akatua mbele sana, mbali na alama tunazotakiwa kugusa. Runwei ya Mwanza kwa ndege kama yetu kweli ni ndefu. Akakanyaga breki taratibu, tukageuka, tukaenda kuegesha. Abiria wawili watatu walipiga makofi. Akanitazama akasema, "Umeona?" Nikasema nimeona.

Nimeanza na safari ambayo haikumuumiza mtu kwa makusudi. Runwei ile ilitusamehe, na kusamehewa kule kukatufundisha wote wawili kitu kibaya. Yeye alizidi kuamini kwamba mikono yake inaweza. Mimi nilizidi kuamini kwamba kunyamaza kwangu hakukudhuru kitu.

Watu nikiwasimulia hili hudhani nilikuwa namwogopa. Sikumwogopa hata kidogo. Nilikuwa nampenda. Ndiye aliyenifundisha kutua na upepo wa ubavuni bila kupigana na ndege, ndiye aliyenikopesha pesa mwanangu alipolazwa. Usiku ule ule Mwanza tulikula sato pamoja, akalipa yeye, akanisimulia miaka yake ya kurusha ndege ndogo kwenye viwanja vya vumbi huko Katavi na Rukwa, wakati ambapo ukikosea hakuna wa kumuuliza. Ningemwogopa, pengine ningesema kwa nguvu, maana hofu ina kelele zake. Adabu haina kelele. Inakuja na maneno laini, na wewe mwenyewe unaona umeshasema.

Kiswahili kimetupa vifaa vingi sana vya kulainisha neno, na nilivitumia karibu vyote katika sentensi moja. "Mzee" ili asinione nimevuka mpaka. "Naona kama", kana kwamba ni hisia yangu tu. "Kidogo", ili asishtuke. Ukiondoa mapambo hayo kilichobaki ni "upepo umegeuka", na hata hicho hakikusema tufanye nini. Nyumbani kwetu mtoto aliyeongea hivyo na mkubwa alisifiwa kuwa amelelewa. Tumekua na ule msemo wa asiyesikia la mkuu kuvunjika guu, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali mkuu mwenyewe ndiye anayehitaji kusikia, na miguu itakayovunjika ni 120.

Darasani nilikuwa nimeshafundishwa yote haya kabla ya Mwanza. Somo la ushirikiano wa wafanyakazi wa ndege lilizaliwa kutokana na vifo. Tarehe 28 Desemba 1978 ndege aina ya DC-8 ya shirika la United ilianguka Portland, Marekani, kwa kuishiwa mafuta huku kapteni akishughulikia tatizo la magurudumu. Wenzake walijua mafuta yanakwisha na walilisema kwa kuligusagusa, bila kulisimamia. Watu 10 walikufa. Mwaka uliofuata NASA iliitisha mkutano, na kutoka hapo mashirika yakaanza kuwafundisha marubani kitu ambacho hakikuwa kwenye mtihani wa leseni: namna ya kusema na namna ya kusikia.

Lakini ajali iliyoniingia moyoni ni ya Yogyakarta, Indonesia, 7 Machi 2007. Boeing 737-400 ya shirika la Garuda ilikuja ikiwa juu mno na kasi mno. Mtambo wa kuonya kuhusu ardhi ulilia mara 15. Rubani msaidizi alisema waghairi. Kapteni akaendelea, akili yake ilikuwa imeshatua, ilikuwa inasubiri ndege iifuate. Waligusa chini kwa kasi ya zaidi ya noti 200, wakapitiliza hadi kwenye mashamba ya mpunga, moto ukawaka. Kati ya watu 140, walikufa 21. Mara ya kwanza niliposoma habari hii nilimlaumu kapteni. Baada ya Mwanza niliisoma tena na macho yangu yakaenda kwa msaidizi. Yeye alisema, tena kwa neno lenyewe, zaidi ya nilivyosema mimi. Utaratibu ulimruhusu kuuchukua usukani. Hakuuchukua.

Mangalore, India, 22 Mei 2010, ilikuwa vivyo hivyo: ndege ikitoka Dubai, msaidizi aliita goaraundi zaidi ya mara moja, kapteni akatua mbele mno juu ya uwanja uliokaa kileleni mwa mlima. Kisha, akiwa ameshafungua nguvu ya kurudisha nyuma ili asimame, akajaribu kupaa tena. Hapo tena haiwezekani. Ukishafungua nguvu hiyo umeshaamua kubaki chini. Watu 158 walikufa. Nalitaja hili kwa sababu goaraundi ina saa yake. Neno lile lile ambalo sekunde 15 kabla lingeokoa wote, likichelewa linaua.

Basi nilikuwa na elimu yote hiyo kichwani na bado nikasema "naona kama".

Miaka ikapita, nikapata mistari minne begani. Nilijiambia sitakuwa kapteni wa kuogopwa, na nilidhani inatosha kuwa mpole. Nilitania, nilinunua chai, niliwaambia vijana waniite jina langu (hawakuweza, na sikuwalazimisha). Hadi siku moja ya safari fupi ya Zanzibar.

Dar hadi Zanzibar ni safari ambayo hujamaliza kupanda tayari unashuka. Tulicheleweshwa juu kwa ajili ya ndege nyingine, tukaruhusiwa kushuka tukiwa karibu mno. Mimi ndiye niliyeshika usukani. Mbele yetu Caravan, ndege ndogo ya abiria wachache, ilikuwa inaondoka runwei, nami nikawa nimeikazia macho yangu yote hiyo Caravan, nikiomba iondoke haraka nisilazimike kuzunguka. Ikaondoka. Nikatua. Nikagusa mbele kuliko ninavyopenda, nikajua kuna kitu.

Tulipoegesha, propela zikasimama, nikamgeukia msaidizi wangu.

"Pale futi 500 spidi ilikuwa ngapi?"

"Mia thelathini na mbili, Kapteni."

"Uliiona?"

"Niliiona."

"Mbona hukusema?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa unyenyekevu kabisa, "Niliona Kapteni ameona."

Sijawahi kusikia sentensi inayonieleza vizuri zaidi. Kwa Kiswahili kuona ni kazi ya macho, na ni kazi ya kudhani pia, na katika maneno yale matatu vyote viwili vilikaa pamoja bila mpaka. Yeye aliona namba kwa macho, akaona kwa dhana kwamba na mimi nimeiona. Mimi sikuiona, na ningeulizwa ningesema niliona kwamba angeniambia. Macho manne, na kila mawili yameegemea mawili ya mwenzake.

Nilimlaumu kwa siku moja. Ya pili nikaanza kuirudia asubuhi ile tangu mwanzo, na nikafika kwenye saa kumi na moja alfajiri, chini, bado giza, tukipitia karatasi za mafuta. Aliuliza kuhusu hesabu ya uwanja wa akiba. Swali zuri. Nikamjibu mbele ya wahudumu wa ndege, bila hata kuinua kichwa, "Dogo, hizo nimeshazipiga." Wala sikuwa na hasira, nilikuwa na haraka. Lakini kinywa chake kilifungwa pale, kwenye meza ya karatasi, saa mbili kabla ya futi 500. Nilichokisikia Zanzibar kilikuwa mwangwi wa sauti yangu mwenyewe.

Kuanzia hapo nilibadilisha brifingi yangu, ile tunayoizungumza kabla ya injini kuwashwa. Zamani niliisoma kama dua ya kukariri. Sasa nasema, kwa Kiswahili, nikimtazama mtu usoni: "Leo nitakosea mahali, sijui ni wapi. Ukiona, nitajie namba. Ukisema goaraundi, nazunguka, na sitakuuliza sababu mpaka tuwe juu na tumetulia. Shikamoo yako nimeshaipokea hapa chini."

Suala la namba ndilo lililonisaidia kuliko yote. Kijana aliyelelewa vizuri hawezi kuniambia "Kapteni, unakosea". Koo linakataa, na sitaki kumlea upya. Lakini anaweza kusema "Spidi 131." Namba haina umri, haina cheo, haimvunjii mtu heshima. Akiitaja, mimi nina wajibu wa kujibu kwa sauti: "Narekebisha." Nisipojibu, anataja mara ya pili. Nikinyamaza tena, anachukulia kwamba sipo, kama mtu aliyezimia, na anauchukua usukani. Nimewafanyisha hili kwenye simuleta, ule mtambo wa mazoezi wa chini, vijana kadhaa, nikinyamaza kwa makusudi. Mara ya kwanza karibu wote husubiri. Wananitazama kwanza usoni, wakitafuta ruhusa. Mmoja alisema goaraundi kwa sauti ya chini kiasi kwamba ilibidi nimuulize kama alisema kitu.

Kuna kapteni mwenzangu, mtu makini, aliniambia kwamba hivi nauza madaraka. Sheria ya kimataifa, Kiambatisho namba 2 cha Mkataba wa Chicago, inampa kapteni uamuzi wa mwisho juu ya ndege. Ni kweli, na sitaki ibadilishwe. Moto ukiwaka injini mtu mmoja lazima aamue. Ila uamuzi huu mmoja nimeshautoa mapema, chini, nikiwa na akili tulivu, kwa sababu makosa mawili hayalingani uzito. Tukizunguka bure tumepoteza dakika 10 na mafuta yake. Tukitua bila kustahili, hakuna wa kuturudishia. Na mtu aliyeshika usukani katika futi 300 ndiye mwamuzi mbaya kuliko wote wa jambo hili. Ameshajitoa mwili mzima kwenye kutua. Taasisi ya Flight Safety Foundation iliwahi kulichunguza suala hili na kukuta kwamba katika kila mikaribio 100 (yaani mara 100 ndege inapokuja kutua) ambayo haijatulia, ni kama 3 tu inayoishia kwa kughairi. Waliobaki wanaendelea, na karibu wote wanafika, na ndiyo maana wanaendelea.

Sisemi goaraundi ni kitu chepesi. Novemba 2013 huko Kazan, Urusi, Boeing 737 iliyoghairi kutua iliinua pua kupita kiasi, marubani wakaisukuma chini, wakaanguka na watu 50 wote. Ni zoezi ambalo rubani anaweza kukaa miezi bila kulifanya, kisha akatakiwa kulifanya ghafla, karibu na ardhi, injini zikinguruma kwa nguvu zote. Ndiyo sababu mimi hulirudia kwa mdomo kila safari kabla ya kuanza kushuka, mikono ikigusa vitu kwa mpangilio: nguvu, pua, flapu (vile vibao vya nyuma ya bawa) hatua moja, tunapanda, magurudumu.

Kisha kuna abiria. Tangu ajali ya Bukoba ya 6 Novemba 2022, ambapo ndege iliingia ziwani na watu 19 kati ya 43 wakafariki, nchi hii ina jeraha. Sababu zake nawaachia wachunguzi; waliokufa kwenye usukani walikuwa wenzetu, na huwa nawaombea. Ninachokiona mimi ni kwamba sasa ndege ikiinua pua ghafla watu wanapiga mayowe, wanasali, wanapiga simu ambazo haziendi. Nawaelewa. Kwa hiyo tukishatulia nachukua kipaza sauti mapema niwezavyo, naeleza kwa Kiswahili cha kawaida kilichotokea na tutakachofanya, kisha Kiingereza. Rubani anayekaa kimya baada ya kughairi anawaachia abiria 60 wajitungie sababu zao.

Safari ninayotaka kuimalizia ni ya Songwe, Mbeya, asubuhi. Wasafiri wa huko wanaujua ukungu wake. Wengi wameshawahi kurudishwa Dar es Salaam. Msaidizi wangu alikuwa binti aliyekuwa na wiki tatu tu kwenye safari za abiria. Alfajiri alinipa shikamoo, nikaitikia, nikampa brifingi yangu, akaitikia "Sawa, Kapteni" kwa namna ambayo sikujua kama imemwingia au ameipokea tu.

Tulishuka ndani ya weupe mtupu. Kwenye kimo cha maamuzi ama unauona uwanja au unaondoka. Akataja kimo. Nikainua macho, na mbele, chini kidogo kulia, nikaona mstari mweusi. Nikasema, "Naiona."

"Goaraundi," akasema.

Hakuweka Kapteni mbele wala nyuma. Sauti haikupanda. Mkono wangu ulisukuma nguvu kabla sijajua kama nimekubali, na mstari ule ukapotea chini ya pua. Tukapanda. Magurudumu, flapu, mnara, abiria. Tulipofika juu, jua likiwa limetanda juu ya ukungu na kilele cha Mlima Rungwe kimechomoza kwa mbali, nikamuuliza aliona nini.

"Sikuona kitu," akasema. "Kapteni ulisema unaiona, nikatazama, sikuiona." Kisha sauti ikaanza kurudi nyuma: "Samahani, labda mimi ndiye…"

Nikamkatiza. Nilimwambia asilimalize neno hilo, si leo wala siku nyingine.

Mpaka sasa sijui mstari ule ulikuwa runwei au kitu kingine. Ukungu haukuwapo kwa ajili ya kunijibu. Tulisubiri angani dakika 20, haukuinuka, tukarudi Dar.

Nilisimama mlangoni abiria wakishuka, jambo ambalo kapteni halazimiki kufanya. Wengi walisema asante. Mzee mmoja wa Tukuyu, kofia mkononi, alisimama mbele yangu akasema, "Namzika mdogo wangu leo saa saba, baba. Wataniacha." Nilimpa pole. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa, na sikujitetea. Nilitembea naye hadi kaunta, nikamsubiri mpaka alipopata nafasi ya safari ya mchana, ambayo tulijua wote wawili itamfikisha mazishi yameshakwisha.

Jioni nikajaza ripoti. Sehemu ya maelezo niliandika: kimo cha maamuzi, kapteni alisema anaona uwanja, rubani msaidizi hakuuona, rubani msaidizi aliita goaraundi, kapteni alitii. Kesho yake mtu wa ofisi akanipigia. Alikuwa na shida na neno moja. Akauliza, kwa heshima, kama nisingependa aandike "alikubali", au "waliamua kwa pamoja", maana kapteni kumtii msaidizi haikai vizuri kwenye karatasi.

Nikamwambia aliache kama lilivyo.